Vifuu Vitatu vya Mlangoni

Mtu aliyenifundisha kutuliza hasira alikuwa na hasira kuliko mji mzima wa Moroni. Nalisema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akadhani namsimulia mtakatifu. Alikuwa akirusha chaki. Ikikupata wewe usiyehusika, alikuja mpaka kwenye dawati lako, akainama hadi macho yenu yakawa sawa, akasema, "Nimekukosea. Nilimkasirikia yule wa nyuma nikakupiga wewe. Unasemaje?" Na usipojibu, hainuki. Sisi watoto wa darasa la tatu hatukuwahi kuona mtu mzima akimwomba radhi mtoto. Tulikuwa tunaikwepa ile chaki kwa kuiogopa radhi yenyewe, maumivu yalikuwa si kitu.

Tulimwita Fundi, kama Komoro nzima inavyomwita mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, akaletwa Moroni kusomesha, na lafudhi yake ilikuwa burudani yetu ya bure. Akigeuka ubaoni tu, darasa zima linamwigiza. Mimi sikuwa na ujasiri wa kumcheka, maana nami nilichekwa. Mama yangu alikulia Unguja, na nyumbani kwetu, mtaa wa Badjanani, tulisema Kiswahili. Fundi alikiokota Kiswahili dukani kwa wafanyabiashara wa kwao, basi tukawa na lugha yetu, mimi na yeye, na nilijiona malkia. Mwaka huo nilikuwa karibu kuacha shule. Aliyenizuia ni yeye, na ndiyo maana naandika.

Mlangoni mwa darasa, juu ya kibao, aliweka vifuu vitatu vya nazi. Kimoja kilikuwa na maji, kimoja chumvi iliyolowa, kimoja majivu. Huingii mpaka uchovye kidole. Ukichovya maji, uko salama leo. Chumvi, kuna kitu kinakuuma. Majivu, umekasirika na usisogelewe. Huulizwi lolote. Unachovya, unamwonyesha kidole, unapita. Wa chumvi alikaa dawati la karibu naye. Wa majivu alipewa fagio akaanze na uwanja, na haikuwa adhabu, alisema mkono ukifanya kazi mdomo unapata nafasi ya kupoa. Kulikuwa na mvulana mmoja mnene kutoka Ntsoudjini, Saidi, aligundua kwamba majivu yanamwepusha na hesabu. Akawa ana hasira kila siku inayoanza kwa hesabu. Fundi hakumgombeza. Alimwachia ule uwanja, na majani yake, na vumbi lake jeusi la mawe ya volkano lisiloisha, mpaka mwenyewe akaja kuomba kugawanya na kuzidisha.

Sisi tulimuuliza, "Na wewe, Fundi, unachovya wapi?" Alionyesha vidole vyake vyeupe akasema, "Mikono ya mwalimu ina chaki." Tukaridhika. Watoto ni rahisi kudanganywa na mtu wanayempenda.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na neno hasira. Alisema watoto wa Moroni wana neno moja kwa kila kitu, kama mtu mwenye sufuria moja anapikia humo humo chai na pweza. Ukimwambia "nina hasira", anakuuliza, "Hasira, au kinyongo? Au ni wivu huo? Au umeona aibu tu, na hasira umeivaa juu?" Tulisimama mbele kuonyesha kwa uso tofauti ya aibu na woga, na wengine wakakisia. Saidi aliigiza wivu vizuri mno hata tukaanza kumchunga. Ilikuwa kazi ngumu kuliko Kifaransa, na tuliipenda kuliko Kifaransa.

Wazazi hawakuipenda. Baba mmoja, karani wa serikali, alikuja shuleni kifua mbele. Mwanawe alikuwa amemwambia wakati wa chakula, mbele ya wageni, "Baba, leo wewe ni majivu."

"Nimemleta asome," alisema yule baba, "hakuja kunipima mimi."

"Kwani alikosea?" akauliza Fundi.

Baba akapandisha sauti, Fundi akapandisha zaidi. Nimesema alikuwa na hasira. Walifokeana pale mlangoni mpaka mwalimu mkuu akafunga dirisha lake. Halafu Fundi akanyamaza ghafla, akavuta pumzi kama alivyotufundisha, akasema kwa utaratibu, "Mzee wangu, mimi sasa hivi nina aibu, maana napiga kelele mbele ya watoto. Wewe una nini?" Yule baba akasema amechoka. Kazini kila siku kuna bosi mpya, na hajui kesho atapigiwa nani saluti. Akaondoka amemshika mwanawe mkono.

Alichosema kilikuwa kweli, na ni lazima nieleze miaka ile. Kwanza ilikuja serikali iliyowapa vijana nguvu. Vijana wakapiga marufuku harusi kubwa, zile ambazo kisiwani kwetu Ngazija ndizo humfanya mtu awe mtu wa kusikilizwa, wakawavua wazee majoho yao hadharani. Halafu wakaja mamluki, wazungu wenye bunduki waliotua usiku mmoja wa mwaka sabini na nane, wakaipindua serikali ile, wakakaa. Wazee wakarudishiwa majoho. Vijana wakafungwa. Kaka yangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Umri wake ulikuwa umri wa kupewa mpira, wao wakampa amri. Kwa mkono wake alimvua joho mzee mmoja wa Badjanani katika uwanja wa mji, watu wakitazama. Mamluki walipokuja alitiwa ndani, akatoka amekonda, akakaa nyuma ya mlango wa chumba chetu asitake kuonwa.

Mji ukatutenga. Ngazija kutengwa ni jambo lenye taratibu zake. Hupigwi wala hutukanwi. Watu hawakusalimu, hawaji kwenye msiba wako, hawali chakula chako, mpaka uamuliwe, ulipe faini, na mle wote pamoja. Sasa watoto ni watu wa kuiga. Mjukuu wa mzee yule aliyevuliwa joho, Mwanaisha, alikuwa darasani kwetu. Yeye na wenzake walikaa kwenye ukuta wa shule kama wazee wanavyokaa uwanjani, wakakunja miguu, wakahukumu. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeniitikia salamu. Nikiazima rula, inawekwa sakafuni niiokote. Nikikaa dawati, mwenzangu anahama.

Nilichovya chumvi kila asubuhi. Mama aliona ninavyorudi. Alisema, "Nakupa mpaka Ramadhani. Hali ikiwa hii hii, hurudi tena. Utakaa na mimi tushone kofia." Mama hakuwa mkatili, hakuweza tu kuvumilia kunitazama. Nilimwambia Fundi, kwa Kiswahili chetu, na nikaona anakaza taya.

Hapo akakosea, na alikosea kama mtu wa Mutsamudu anavyokosea Moroni. Alinisimamisha mbele, akaniambia niombe radhi kwa niaba ya kaka yangu. Nikaomba huku nalia. Akawauliza, "Mmemsamehe?" Darasa zima likaitika ndiyo, kwa adabu, vizuri kabisa. Kesho yake rula ikawekwa sakafuni.

Fundi alikasirika siku ile nikamwogopa. Hakurusha chaki, aliivunjavunja mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo sidhani mwalimu mwingine angelifanya. Baada ya vipindi alikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwa akina Mwanaisha, akaketi mkekani kwa bibi wa nyumba ile, mke wa mzee wa joho, akasema, "Mimi mgeni. Nimetaka kuwapatanisha watoto, nimeshindwa. Nifundishe."

Bibi yule, Mwenyezi Mungu amrehemu, alicheka mpaka akashika ubavu. Mwanaisha ndiye aliyenisimulia baadaye. Bibi akasema, "Umewalisha maneno, mwanangu. Sisi hatuli maneno."

Basi Fundi akarudi akatufanya hirimu. Kwetu watu wa rika moja ni hirimu moja. Hupanda daraja pamoja, huamua pamoja, na akikosa mmoja, rika lake ndilo linalomhukumu. Alisema, "Nyinyi mmeanza kuhukumu bila kuwa hirimu. Mmecheza na jambo la wakubwa. Sasa tulifanye sawasawa." Madawati yakasogezwa pembeni, tukakaa chini kwa duara. Sheria ikawa kwamba kila mmoja anasema kwa zamu, anataja lililo moyoni kwa neno lake kamili, na hakuna anayemkatiza. Neno hasira peke yake halikubaliki.

Zamu ilipofika kwa Mwanaisha alitazama chini. Sote tulijua yeye huchovya majivu kila siku. Fundi akasema polepole, "Mwanangu, mimi nimekitazama kidole chako asubuhi zote hizi. Unachovya majivu, halafu ukidhani sioni, unachovya na chumvi."

Mwanaisha akakificha kidole kile kiganjani. Kisha akasema, "Babu hatoki. Wamemrudishia joho, hatoki nalo. Anakaa nyuma ya mlango, nikirudi shule namkuta pale pale. Naogopa nitamkuta amekufa."

Sikungoja zamu. Nilisema, "Na kaka yangu anakaa nyuma ya mlango." Fundi alipaswa kunikemea kwa kukatiza. Hakunikemea.

Tulitazamana, mimi na Mwanaisha, kwa mara ya kwanza tangu hukumu. Kila mmoja alikuwa na mtu wake nyuma ya mlango, na milango yenyewe ilikuwa vichochoro viwili tu mbali. Fundi akauliza duara, "Sasa mkosaji wa hirimu hii ni nani, alipe faini?" Wakabishana kweli kweli. Wengine walisema kaka yangu, wengine wakasema kaka si wa hirimu hii, hahusiki. Mwishowe Saidi, ambaye njaa ilikuwa imeanza kumsumbua, akasema, "Mimi naona ni sisi. Zahara hakumvua mtu joho. Sisi ndio tuliomwekea rula chini. Tulipe, tule." Sijawahi kusikia hukumu tamu kama ile, na nimesikia nyingi.

Faini ikawa mkate wa sinia. Mmoja alete mchele, mwingine nazi, mwingine sukari, hiliki kidogo kutoka kwa mwenye shangazi sokoni. Sinia lilitoka kwetu, mama alilisugua mpaka likawa kioo. Aliyeoka ni bibi yake Mwanaisha. Sinia la nyumba iliyotengwa liliingia katika nyumba ile ya joho, likatoka na mkate, mchana kweupe, kupitia vichochoro vyote vya Badjanani. Kila baraza liliona.

Tulikuwa tumekaa duara, mkate katikati, mvuke wa hiliki unatutoa mate, wakati gari la mamluki liliposimama nje. Miaka ile watu wakikusanyika walitiliwa shaka. Tulilisikia gari, na kila mmoja akamshika wa jirani mkono, maana hivyo ndivyo Fundi alivyotufundisha kufanya tukiogopa, kushika mkono na kuhesabu pumzi za mwenzako badala ya zako. Aliyenishika alikuwa Mwanaisha. Mzungu akaja mpaka mlangoni, kijana, bunduki begani, akataka kuingia.

Fundi akasimama mlangoni akamwambia kwa Kifaransa, "Hapa haingii asiyechovya kidole." Mzungu akatazama vifuu, akatazama watoto, akatazama mkate. Akachovya kidole kwenye chumvi, akakiramba.

Alidhani ni ya kuonja. Saidi ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikatushika sote, na yule mzungu mwenyewe akacheka bila kujua anacheka nini, akageuka, akaenda zake. Fundi alirudi akaketi, akafuta jasho, akasema, "Yule hata hajui kinachomuuma. Mungu amsaidie. Haya, mkate."

Kanuni ni kwamba aliyekosewa ndiye anayemega kwanza. Mimi nilinyoosha mkono, nikaurudisha, maana Mwanaisha naye alikosewa, babu yake alivuliwa joho. Yeye akanyoosha wake, akaurudisha kwa ajili yangu. Mikono ikabaki hewani. Darasa zima hakuna anayejua taratibu zinasemaje hapo. Fundi akasema, "Wote wawili, pamoja, na haraka, unapoa."

Tukamega. Nimekula mikate mingi maishani, na ya harusi kubwa nimekula. Ule ulikuwa na makoko chini na haukuiva vizuri katikati, na mpaka leo hakuna uliouzidi. Ramadhani ikaja, na mama hakuzungumzia tena kofia. Bibi alimpelekea mzee kipande, akamwambia kimetoka kwenye sinia la akina Zahara. Mzee akakila. Ijumaa moja alitoka na joho lake kwenda msikitini, akapita mlangoni kwetu, akabisha kwa fimbo, akaita kuelekea ndani, "Kijana, twende kuswali." Kaka yangu alichelewa kujibu. Lakini alitoka.

Na sasa upande wake wa pili, maana nimeahidi sitasimulia mtakatifu. Mwanamke huyu aliyewapatanisha watu wa Badjanani alikuwa hasemi na dada yake wa kuzaliwa. Moroni hakuna siri, hata watoto tulijua. Kwao nyumba ni ya binti, na ya kwanza huwa ya binti mkubwa. Yeye ndiye mkubwa, lakini alipokuwa mbali masomoni nyumba ya Mutsamudu akapewa mdogo. Hakulia wala hakugomba, huyu aliyegomba kwa kila kitu. Aliomba kuhamishiwa Moroni. Likizo zote alibaki kwetu, anasahihisha madaftari yaliyokwisha kusahihishwa. Ukimtajia Mutsamudu, anauliza kama umefanya kazi ya nyumbani.

Nilipokuwa mwalimu mwenyewe, nikapangiwa Mutsamudu, na ilikuwa punde tu baada ya mamluki kuondoka, watu wanatembea wakitazama nyuma kwa mazoea. Fundi alikuwa amestaafu, magoti yamemrudisha kwao. Niliuliza njia ndani ya mji wa kale, nikaingia vile vichochoro ambavyo nyumba zinashikana juu ya kichwa chako, mkononi nimebeba mkate wa sinia nilioupika mwenyewe, zawadi kwake. Nikamkuta kwenye chumba cha chini cha nyumba ile ile. Dada yake anaishi juu. Ngazi ni moja. Mdogo humteremshia chakula, huacha sahani kwenye ngazi ya chini na kupanda. Mkubwa huiosha, huirudisha pale pale. Hawakuwa wamekula pamoja tangu ujana wao.

"Kwezi, Fundi," nikamwamkia kwa heshima, kama kwetu mdogo anavyomwamkia mkubwa. Akaitika bila kuinua macho, akaonyesha mlangoni.

"Huingii mpaka uchovye."

Vifuu vilikuwapo, vitatu, pale mlangoni. Nikachovya maji. Nikamwambia, "Zamu yako."

"Mikono ya mwalimu ina chaki."

"Umestaafu, Fundi. Chaki ipi?"

Alinitazama kwa macho ya kurusha chaki, na kama angekuwa nayo angenirushia. Mimi nikashika kifuu nikamsogezea. Nilikuwa na hofu, nakiri, si jambo la kawaida kumfanyia hivi mtu aliyekulea. Kisha Fundi akanyoosha kidole kuelekea majivu, kikasita, kikaenda kwenye chumvi, kikakaa humo.

"Nilimwandikia," akasema. "Miaka ya mwanzo. Maneno mazuri."

"Sisi hatuli maneno," nikamwambia.

Akacheka, na alipokuwa anacheka machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akanishika bega akasimama. Tukapanda. Mimi na sinia, yeye na magoti yake, ngazi moja kisha pumziko. Alinong'ona, "Nina woga, Zahara." Nikamwambia hilo ni neno kamili, linakubalika.

Mlango wa juu ulifunguliwa kabla hatujabisha. Mdogo wake, mzee naye, mfupi, unga mikononi, alisema, "Dada. Umepanda na magoti hayo." Akatandika mkeka. Nikaweka sinia katikati, nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Fundi akanyoosha mkono, akaurudisha. Mdogo wake akanyoosha, akaurudisha. Mmoja alinyang'anywa nyumba, mwingine alinyang'anywa dada. Mikono yao ikabaki hewani juu ya mkate, mikono miwili yenye mishipa ile ile, na Fundi akageuza shingo akanitafuta kwa macho, kama nilivyomtafuta yeye siku ile.

"Wote wawili," nikasema, kwa sauti ya darasani, "pamoja, na haraka, unapoa."

Fundi akatii. Wakamega, wakatia mdomoni. Mdogo alitafuna akasema mkate hauna sukari ya kutosha. Fundi akasema sukari inatosha, yeye ndiye tangu utotoni amezidi kupenda tamu. Mdogo akauliza nani amezidi, nani hasa aliyekuwa akiramba mwiko wa mama. Wakagombana hivyo huku wanamega, sauti zikasikika mpaka kichochoroni, nami nikakaa mkekani nikachukua changu.